Ndoo

Kwetu Amu, ukimwita mtu wamwambia: ndoo.
Na chombo cha kutekea maji, nacho ni ndoo.
Mungu wa kisima cha Langoni alizaliwa hapo,
katika ufa baina ya neno na neno.

Nilikuwa na miaka saba. Kamba ilikatika.
Niliinama juu ya ukingo nikalia:
Ndoo! Ndoo yangu!
na kitu kilicholala chini tangu kabla ya mji,
kisicho jina, kisicho mgongo wala tumbo,
kikadhani kimeitwa.

Kikapanda.
Maji yalisimama wima kama mtu aliyekatizwa usingizi.
Kikaniuliza, bila mdomo: Nina sura gani?
Ningejibu nini? Sura niliyoijua vizuri
ni ile niliyoiona kila asubuhi humo humo kisimani.
Nikasema: Yangu.

Ndiyo maana mungu wetu ana pengo,
meno mawili ya mbele, ya juu,
na kila asemapo hutoka ubinja.

Wakubwa walipopata habari walileta vyao.
Shekuwe, fundi wa chokaa, aliomba mkono usiotetema;
mungu, ambaye hakuwa na mkono, ikabidi aote mmoja
ili ajue kutotetema ni nini.
Khuzaima mshona kofia alimwachia subira yake usiku
aichukue alfajiri; ikarudi na vitundu vidogo vidogo.
Wenye punda walimfunza matusi.
Wadai na wadaiwa walimfunza hesabu
(hadi leo hukosea kwenye saba).
Mjane wa kichochoro cha pili hakuomba kitu,
alikaa tu ukingoni akimenya vitunguu,
na mungu akajifunza kulia, akidhani ndiyo adabu ya wageni.

Nasi je? Tulikunywa.
Watoto wa Langoni wakazaliwa na ubinja kwenye sini,
watu wa Mkomani wakatucheka sokoni.
Ukisema uongo mrefu, koo lilikauka katikati,
hivyo tukawa watu wa uongo mfupi.
Mkono wa Shekuwe ulitulia, ukatulia mno:
siku mwanawe aliposafiri, alitaka kumpungia
na mkono ukakataa kutikisika.

Kisha yakaja mabomba.
Hakuna aliyemkana. Hatukugombana naye.
Ilikuwa tu kwamba bomba liko jikoni
na kisima kiko uani, na jua kali.
Tukakifunika bati. Juu ya bati tukaanika pilipili.

Mwaka wa tatu Khuzaima alirarua kofia
iliyobakisha safu mbili.
Mjane alimenya vitunguu, macho makavu.
Nami nilijitazama kiooni
nikaona uso laini kama ukuta uliopakwa jana:
macho yapo, pua ipo, mwenyewe hayupo.
Kumbe tuliweka amana kule chini
bila kuandikiana.

Nikaondoa pilipili. Nikainua bati.
Chini kabisa palibaki unyevu wa ukubwa wa sahani,
na ndani yake mungu, mdogo, sura imemwisha,
amesalia na pengo tu,
yaani amesalia na pale pasipokuwa na kitu.

Mimi sasa nina miaka hamsini na miwili,
meno yangu ya bandia, ya Mombasa,
yamejipanga kama askari wa gwaride.
Niliyatoa. Nikayafunga kwenye pindo la leso.
Nikainama pale pale nilipoinama zamani,
nikamwonyesha.
Nikasema: Ndoo.

Kimya.
Kisha, kutoka chini, kwa ubinja:
Ipi, Mwanahalima? Ya kuja au ya kutekea?

Sikuwa nimebeba kamba.